Kupima ubora wa kliniki ya daktari na urahisi wa kuonana naye: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wa aina mbili: mgonjwa anayejiuliza kama kliniki anayokwenda inamfaa, na mtu aliyepewa kazi ya kuikagua, awe mjumbe wa kamati ya afya, mtafiti, au daktari mwenyewe anayetaka kujitazama kwenye kioo. Maswali mengi yanawahusu wote. Pale yanapohusu upande mmoja, nimesema.

Ubora wa huduma na urahisi wa kuipata si jambo moja?

Ni mawili, ila ukipima moja na kuacha la pili umepima nusu. Daktari anaweza kuwa hodari, lakini kama kumwona ni kungoja wiki tatu, uhodari wake unawafaa wale tu ambao ugonjwa wao unaweza kungoja. Na kliniki inaweza kuwa wazi kutwa, bila foleni, kumbe kila anayekohoa anatoka na antibiotiki ile ile. Hapo mlango uko wazi, tatizo liko ndani.

Mwaka 2018 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la The Lancet Global Health ilikadiria kwamba katika nchi 137 za kipato cha chini na cha kati, watu milioni 8.6 hufa kila mwaka kwa maradhi ambayo huduma nzuri ingeyazuia yasiue. Milioni 3.6 hawakutumia huduma. Milioni 5 waliitumia, na ikawa duni. Nilipoziona takwimu hizo mara ya kwanza nilidhani nimezigeuza, kwa maana nilizoea kuamini kwamba kazi kubwa ni kumfikisha mgonjwa.

Nianzie wapi?

Anzia kwa Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1966 alipendekeza huduma itazamwe kwa sehemu tatu: vilivyopo (majengo, watumishi, dawa, vifaa), kinachofanyika (mgonjwa anapokewaje, anachunguzwaje, anatibiwaje), na kinachotokea baadaye (amepona, amebaki vile vile, amezidiwa).

Wakaguzi wengi hukwama kwenye ya kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi. Kuhesabu vitanda na kutazama kama cheti cha daktari kimetundikwa ukutani ni kazi ya asubuhi moja. Lakini mashine ya kupima presha iliyomo kabatini haijampima mtu. Uliza ilitumika lini mara ya mwisho, na ni nani aliyeihakiki kwamba inasoma sawasawa. Matokeo nayo ni magumu kwa namna yake: mafua hupona hata kwa daktari mbaya, na saratani iliyochelewa huua hata mbele ya daktari mzuri. Kwa kliniki ya kawaida, sehemu ya kati ndiyo inayokwambia mengi kwa haraka, na ndiko ningetumia muda mwingi.

Kuipata huduma kwa urahisi maana yake ni kuwa karibu na nyumbani?

Umbali ni sehemu yake tu. Penchansky na Thomas, watafiti wa Marekani, waliligawa jambo hili mara tano mwaka 1981, na mgawanyo wao bado unafaa: je, wahudumu wanatosha kwa idadi ya watu? Je, kufika ni rahisi? Je, saa za kazi na utaratibu wa kuandika miadi vinaendana na maisha ya wagonjwa? Je, gharama zinahimilika? Na je, mgonjwa na mhudumu wanakubaliana, yaani mgonjwa anajisikia huru kukaa mbele ya mtu yule na kusema kinachomsumbua?

Hilo la tano husahaulika kila mara. Kijana mwenye ugonjwa wa zinaa ambaye lazima ataje shida yake kwa sauti dirishani, mbele ya jirani yake, kliniki iko mbali naye hata kama anaishi nyumba ya pili.

Kliniki inasema mgonjwa anaonana na daktari siku hiyo hiyo. Nitahakikishaje?

Usiulize, jaribu. Piga simu kama mgonjwa wa kawaida, asubuhi, mchana na jioni, siku tofauti. Andika simu ilipokelewa baada ya kuita mara ngapi, ulisubiri dakika ngapi, ukapewa miadi ya lini. Simu kumi za namna hiyo zitakufundisha zaidi ya kikao cha saa mbili na meneja. Ukimaliza, futa miadi uliyopewa, usije ukamnyima mgonjwa nafasi yake.

Kama wewe ni mkaguzi rasmi na unaweza kufungua daftari la miadi, tafuta nafasi ya tatu iliyo wazi, usiitazame ya kwanza. Ya kwanza huenda ni bahati: mtu amefuta miadi nusu saa iliyopita na pengo likabaki. Ya pili nayo inaweza kuwa hivyo hivyo. Ukifika ya tatu, bahati imepungua sana. Kama ipo siku tano mbele, basi mgonjwa wa kawaida anangoja siku tano. Pima siku ile ile ya wiki, saa ile ile, kwa wiki kadhaa, kwa sababu Jumatatu haifanani na Alhamisi.

Hapa kuna mtego mmoja ambao Uingereza iliuonja. Mwaka 2000 serikali iliweka lengo kwamba ifikapo 2004 kila mgonjwa aweze kuonana na daktari wa familia ndani ya saa 48. Baadhi ya kliniki zilitimiza lengo kwa njia nyepesi: zikaacha kuandika miadi ya siku za mbele. Mgonjwa wa kisukari aliyetaka kuonana na daktari wake Jumanne ijayo akaambiwa apige simu siku yenyewe ikikaribia. Kwenye karatasi hakuna aliyesubiri zaidi ya saa 48, huku watu wakigombania simu alfajiri. Katika kampeni za uchaguzi wa 2005, mwananchi alimweleza waziri mkuu Tony Blair jambo hilo kwenye kipindi cha televisheni, na ilionekana wazi kwamba hakuwa na habari nalo. Kwa hiyo ukipima kasi ya miadi ya leo, pima pia kama mtu anaweza kuandikisha ya wiki ijayo.

Muda wa kukaa kwenye benchi una uzito gani?

Una uzito, lakini mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachochosha zaidi ni kutojua. Saa moja uliyoambiwa mapema inavumilika, dakika arobaini za kimya zinaudhi. Tazama kama kuna mtu anayetoka kuwaeleza wanaosubiri kinachoendelea. Tazama pia kama yupo anayepita kuwaangalia waliozidiwa: mtoto mwenye degedege au mtu anayebanwa na kifua hapaswi kufuata namba.

Mgonjwa anapaswa kukaa na daktari dakika ngapi?

Hakuna idadi moja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya takwimu za nchi 67 na kukuta wastani kuanzia sekunde 48 Bangladesh hadi dakika 22.5 Uswidi. Katika nchi 18 zenye karibu nusu ya watu wote duniani, wastani ulikuwa dakika 5 au pungufu. Katika dakika moja daktari anaweza kuandika dawa, lakini hawezi kugundua kwamba anayelalamikia kichwa hajalala wiki mbili tangu afiwe.

Badala ya kuhesabu dakika tu, sikiliza zinavyotumika. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba madaktari waliwakatiza wagonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Hofu ya daktari inaeleweka: akimwachia mgonjwa aongee, atamaliza lini? Watafiti wa Uswisi walilijibu swali hilo mwaka 2002. Waliwaacha wagonjwa waseme mpaka wanyamaze wenyewe, na wastani ukawa sekunde 92. Dakika moja na nusu! Ukipata ruhusa ya kukaa ndani ya chumba cha daktari, kwa ridhaa ya mgonjwa, anza kuhesabu pale anapofungua kinywa na uone anakatizwa lini.

Kuonana na daktari yule yule kila mara kuna maana yoyote?

Kuna maana kubwa, na ni miongoni mwa mambo yanayopimwa kidogo mno. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walipitia tafiti 22 kutoka nchi tisa zilizotazama uhusiano wa kuzoeana na daktari mmoja na vifo. Tafiti 18 kati ya hizo zilikuta vifo vichache zaidi kwa wagonjwa waliodumu na daktari wao. Hilo si ushahidi kwamba mazoea ndiyo sababu ya kuishi zaidi, maana mgonjwa mahututi huzungushwa kwa madaktari wengi. Lakini sababu zinaingia akilini. Daktari anayekujua huona kwamba umepungua uzito kabla hujasema. Anajua kwamba huwa huji kwa jambo dogo, hivyo leo umekuja kwa kitu. Nawe unamwambia yale ambayo usingemwambia mgeni.

Kuipima ni rahisi: chukua wagonjwa thelathini wenye maradhi ya kudumu, hesabu ziara zao za mwaka mmoja, uone ni ngapi zilikuwa kwa daktari mmoja. Mkinzano utauona haraka, kwani kliniki inayompa kila mtu daktari yeyote aliye huru leo huwa na kasi nzuri na mazoea mabaya. Mimi ningemwachia mgonjwa achague. Mwenye mafua anataka mtu yeyote sasa hivi, mwenye presha ya miaka kumi yuko tayari kungoja siku tatu ili amwone wake.

Mimi si mtaalamu. Nitajuaje kama natibiwa sawasawa?

Dawa sahihi huwezi kuijua daima, lakini tabia sahihi unaweza kuiona. Je, amekuuliza jina lako na kulilinganisha na faili lililo mbele yake? Ameuliza dawa unazotumia sasa na zile zinazokudhuru? Amenawa mikono au kuipaka dawa kabla ya kukugusa? Amekugusa kabisa, au ameandika tu? Amekwambia anachodhani unacho, kwa maneno unayoweza kumrudia mtu nyumbani? Na amekwambia dalili gani zikitokea urudi upesi, bila kungoja tarehe? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu daktari anayelijibu anakiri kwamba huenda amekosea, na amekuachia njia ya kurudi.

Halafu kuna majibu ya vipimo. Uliza: yakitoka, nani atanipa taarifa? Ukiambiwa “kama kuna tatizo tutakupigia, ukiona kimya ujue uko salama,” usikubali. Kimya kinaweza kuwa na maana ya karatasi iliyopotea. Kliniki nzuri ina daftari, la karatasi au la kompyuta, linaloonyesha kila kipimo kilichotumwa, jibu lilirudi lini, nani alilisoma na mgonjwa aliambiwa lini. Mkaguzi aombe daftari hilo siku ya kwanza. Nimewahi kuonyeshwa droo.

Kwenye mafaili mkaguzi atafute nini?

Achague ugonjwa mmoja au miwili inayoonekana sana pale, asijaribu yote. Presha ni chaguo zuri. Kati ya wenye presha walioandikishwa, wangapi wamepimwa ndani ya mwaka uliopita? Kati ya waliopimwa, wangapi wako chini ya 140 kwa 90? Na waliokutwa juu ya hapo, kuna lolote lililofanyika, au iliandikwa tu “aendelee na dawa” kwa mara ya sita mfululizo? Swali la tatu ndilo lenye nyama, kwa kuwa idadi ya waliodhibitiwa hutegemea pia umri wao na maisha yao, lakini kutochukua hatua ni kwa kliniki yenyewe.

Rufaa pia. Fuatilia barua ishirini za wagonjwa waliopelekwa hospitali: zilieleza nini, mgonjwa alifika, na majibu yalirudi kwenye faili? Mara nyingi mnyororo hukatika hapo, na kila upande huamini kwamba kosa ni la mwenzake.

Kumbuka usiri. Faili linasomwa kwa kibali, majina hayatoki nje ya chumba, na takwimu unazochapa zisimfichue mtu.

Dodoso za kuridhika kwa wagonjwa zinaaminika?

Kwa mambo fulani, ndiyo. Hakuna anayejua kuliko mgonjwa kama alisikilizwa, aliheshimiwa na alielewa alichoambiwa. Kuhusu ubora wa tiba yenyewe, tahadhari. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulikuta kwamba kliniki zinazotoa antibiotiki chache hupata alama za kuridhika za chini kidogo. Kwa hiyo daktari anayekunyima dawa usiyoihitaji anaweza kuadhibiwa kwa kufanya vizuri.

Swali lenyewe nalo lina kosa lake. Ukimuuliza mtu “umeridhika?”, na anatarajia kurudi hapo kesho, atasema ndiyo. Uliza kilichotokea: “Daktari alikueleza dawa hii inafanya kazi gani?” “Ulisubiri muda gani?” “Kuna jambo ulitaka kusema ukakosa nafasi?” Na anayeuliza asiwe mhudumu wa kliniki hiyo hiyo aliyevaa koti jeupe.

Na nyota za mtandaoni?

Zisome kama unavyosoma uvumi: ukisikia jambo lile lile kutoka kwa watu wengi wasiojuana, lifuatilie. Wengi huandika wakiwa na furaha kubwa au hasira kubwa. Nyota za ukaguzi rasmi ni kitu kingine. Tanzania imewahi kuvipa vituo vyake 0 hadi 5, na Uingereza kliniki hupewa mojawapo ya madaraja manne. Hata hapo soma tarehe kwanza. Daraja la miaka minne iliyopita ni la watumishi ambao huenda wameshaondoka.

Karani wa mapokezi anahusika vipi na ubora wa tiba?

Yeye ndiye mlango. Kabla daktari hajatumia ujuzi wowote, mtu wa dirishani ameshaamua nani anaingia leo na nani arudi kesho, mara nyingi bila mafunzo na huku simu mbili zinalia. Kaa sehemu unayoweza kumsikia kwa saa moja. Anamfanyaje mzee asiyesikia vizuri? Asiyejua kusoma? Anayezungumza lugha nyingine? Je, ana orodha ya dalili za hatari, na anajua amwite nani? Wanaolaumiwa kwa ukali mara nyingi ni watu walioachiwa maamuzi ya daktari kwa mshahara wa karani.

Kliniki yenye malalamiko mengi ni mbaya?

Si lazima. Isiyo na hata moja ndiyo ingenitia wasiwasi zaidi. Fungua sanduku la maoni uone kama kufuli lina kutu.

Miadi ya simu au ya video ihesabiwe kama ya ana kwa ana?

Ihesabiwe, lakini ipimwe peke yake. Kwa kurudia dawa au kupokea majibu ya kipimo inaokoa nauli na siku ya kazi. Kwa maumivu ya tumbo, mtu lazima aguswe. Tazama wangapi walihudumiwa kwa simu kisha wakalazimika kuja kwa shida ile ile ndani ya wiki: wakiwa wengi, simu haijapunguza kazi, imeiongeza. Tazama pia nani hatumii njia hiyo kabisa.

Kliniki ina daktari mmoja tu. Vipimo hivi vinaifaa?

Vinaifaa, ila usiamini asilimia. Ikiwa ina wagonjwa 20 wa kisukari, wawili wakihama matokeo yanaweza kusogea hadi alama kumi za asilimia bila daktari kufanya lolote, jema au baya. Kusanya takwimu za miaka miwili au mitatu, au soma mafaili yote 20 moja moja. Swali la kipekee kwa kliniki hiyo ni hili: daktari akiugua, wagonjwa wanakwenda wapi?

Nitawajuaje wale ambao hawafiki kabisa?

Kazi nzima iko hapa, na ndipo ripoti nyingi hunyamaza. Dodoso hujazwa na waliofika. Faili hufunguliwa kwa aliyefika. Aliyepiga simu mara tano akakata tamaa hana karatasi popote.

Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, aliyekuwa daktari katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kinyume na mahitaji: wanaoihitaji zaidi ndio wanaoikosa zaidi. Utaliona hilo ukilinganisha orodha ya wagonjwa na watu wa eneo. Kama nusu ya wakazi ni vijana wa kiume na kwenye daftari la mwaka ni wachache mno, usiseme ni wazima. Linganisha waliochanjwa na watoto waliozaliwa. Chukua majina ya walioandikiwa miadi wasije, kliniki iwapigie kwa upole na kuwauliza kilichotokea. Mara nyingi si uzembe: saa ile alikuwa kazini, hakuwa na wa kumwachia mtoto, ngazi ni ndefu kwa mwenye gongo, au alifokewa mara ya mwisho.

Kisha toka nje. Uliza kwa mfamasia wa jirani, maana wengi walioshindwa kumwona daktari huishia kwake. Uliza shuleni, na nyumba za ibada. Ni kazi ya siku mbili tatu.

Nimemaliza kupima. Nimpelekee nani ripoti?

Waonyeshe kwanza waliopimwa, kabla haijapanda juu. Wauguzi na makarani waisome pamoja na daktari, maana watajua mara moja takwimu gani imekosewa. Chagua mambo mawili ya kurekebisha, yasizidi, na uandike tarehe ya kurudi kupima hayo mawili kwa njia ile ile uliyotumia mwanzo. Kama jambo la kwanza ni simu isiyopokelewa asubuhi, basi miezi mitatu baadaye anza siku kwa kupiga ile namba.